Je, vimeng'enya vya ngozi yangu vimelala? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu PKC, magamba na vitamini D

"Habari mtaalamu. Nina miaka 34. Tangu mwaka juzi viwiko na magoti yangu yanatoa magamba meupe, ngozi imekuwa nene, nikiyakwangua panatoka vitone vya damu. Daktari alisema ni soriasisi akanipa mafuta ya kupaka yenye dawa ya jamii ya vitamini D pamoja na steroidi. Nilipaka siku kumi nikaacha, sikuelewa vitamini D inahusianaje na magamba, mimi najua ni ya mifupa. Baadae nikasoma kwamba kuna kimeng'enya kinaitwa protini kinase C (PKC), ndo kinaamrisha seli za ngozi zikomae. Kuna mtu anauza seramu anasema inaamsha vimeng'enya vya ishara ili ngozi ijitengeneze upya haraka, na ana vidonge vya vimeng'enya vya kumeza. Je, ni kweli vimeng'enya vyangu vimelala? Niviamshe? Na hiyo PKC hasa inafanya nini?"

Ndugu yangu, pole na hayo magamba, na pole zaidi kwa kukaa na ugonjwa muda wote huo bila mtu kukaa na wewe akakueleza unavyofanya kazi. Nikisoma swali lako sioni mtu mkaidi wa dawa. Naona mtu aliyeacha dawa kwa sababu haikumuingia akilini, halafu akatokea muuzaji mwenye maelezo yanayoingia akilini haraka. Nitakupa maelezo ya kweli, ni marefu kidogo, nivumilie.

Jibu la haraka ni hapana, havijalala. Kwenye ngozi yenye soriasisi vimeng'enya vya ishara viko macho kupita kiasi, na vingine vinafanya kazi yake mahali ambapo sio pake na wakati ambao sio wake. Kwa hiyo hata kama hiyo seramu ingefanya kweli inachosema, ingekuongezea ugonjwa.

Tuanze na neno kimeng'enya lenyewe maana mkanganyiko unaanzia hapo. Wengi tulifundishwa shule vile vya mate na tumbo vinavyokatakata chakula, basi mtu akisikia kimeng'enya anafikiria kitu unachoweza kumeza. Hivi vya ishara, yaani vinavyopitisha ujumbe ndani ya seli, havimeng'enyi chakula chochote. Kinase, ambayo ni kundi mojawapo la hivi, inachofanya ni kuchukua kipande kidogo cha fosfeti kutoka kwenye ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kukibandika kwenye protini nyingine. Ni hicho tu, lakini protini ikishabandikwa inabadilika umbo, iliyokuwa imetulia inaanza kazi, iliyokuwa kazini inasimama, au inahama kutoka sehemu moja ya seli kwenda nyingine. Kuna kundi la pili, fosfatase, lenyewe linabandua. Edwin Krebs na Edmond Fischer ndo waliofichua huku kubandika na kubandua, miaka ya 1950 wakichunguza misuli, na mwaka 1992 wakapewa tuzo ya Nobel. Binadamu ana kinase za aina zaidi ya 500, na seli moja ya ngozi inatumia nyingi kwa wakati mmoja, ndio maana mimi huwa nashtuka nikisikia mtu anasema ataviamsha "vimeng'enya vya ishara" vyote kwa pamoja, kwa sababu ndani ya hilo kundi kuna vinavyosema gawanyika, kuna vinavyosema acha kugawanyika, na kuna vinavyosema sasa kufa.

Vidonge nivimalize hapa hapa. Kimeng'enya ni protini, ukikimeza tumbo litakikata kama protini nyingine yoyote uliyokula. Hata kama kingeponea hapo, kinase inafanya kazi ndani ya seli na haiwezi kupita kwenye utando wa seli ikaingia yenyewe. Kupaka nako ni vile vile, molekuli zinazozidi kama daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima, na PKC ina karibu daltoni 80,000. Haiingii. Usinunue.

Sasa kuhusu seli kukomaa, sehemu hii naomba uisome polepole maana ndo jibu lako lote limekaa hapa.

Tabaka la juu la ngozi, epidamisi, limejaa seli zinazoitwa keratinosaiti, na kila moja ina safari. Inazaliwa chini kabisa, ambako imeshikamana na msingi wake kwa protini zinazoitwa integrini. Ikiwa pale chini inaruhusiwa kugawanyika. Ikishaachia ule msingi na kuanza kupanda, ruhusa inaisha na kazi inabadilika. Inaacha kutengeneza keratini namba 5 na 14, inaanza namba 1 na 10 ambazo ni nyuzi za kuipa uimara. Ikipanda zaidi inajaa chembechembe zenye protini zinazoitwa filagrini na lorikrini. Mwisho inapoteza kiini chake, inafia juu ikiwa bapa na ngumu, inakaa kama tofali kwenye ukuta unaozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, halafu inadondoka bila wewe kuona. Safari nzima kwa ngozi yenye afya inachukua kama mwezi mmoja, wakati mwingine zaidi. Unaona kwamba kwa seli ya ngozi kukomaa ni kujiandaa kufa vizuri, yaani kifo chake ndo kazi yenyewe.

Nani anaiambia seli imefika wapi? Ishara kubwa kuliko zote ni kalsiamu. Chini kabisa ipo kidogo, inaongezeka kadri unavyopanda, inafika kilele kwenye tabaka la chembechembe, halafu inashuka ghafla kwenye tabaka la seli zilizokufa. Mwaka 1980 Henry Hennings, Stuart Yuspa na wenzao walionyesha kwa seli za panya maabara kwamba kalsiamu ikiwa chini ya milimola 0.1 kwa lita seli zinaendelea kugawanyika, ukiipandisha zinaacha na kuanza kukomaa. Nimefanya jaribio hili kwa mikono yangu mara nyingi na bado linanigusa kila nikiliangalia. Unaweka seli za binadamu kwenye sahani zenye kalsiamu kidogo, zinakaa kila moja kivyake kama watu wasiojuana, unaongeza kalsiamu, na ndani ya masaa tu zinasogeleana, zinashikana kingo kwa kingo, na baada ya siku kadhaa nyingine zinaanza kupanda juu ya wenzake. Hujabadilisha kitu kingine chochote.

Kati ya kalsiamu na hayo mabadiliko ndo PKC inapoingia. Seli ikihisi kalsiamu imepanda nje, kimeng'enya kinaitwa fosfolipase C kinakata mafuta fulani ya kwenye utando wake na kupata vipande viwili. Kipande kimoja, IP3, kinaenda kufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Kingine, DAG, kinabaki palepale kwenye utando na kuiita PKC ije. PKC ikifika, ikakutana na DAG, na kwa baadhi ya aina zake lazima pia ikutane na kalsiamu, ndipo inajifungua na kuanza kubandika fosfeti. Ishara inapita kwa kinase nyingine kama p38, inaingia kwenye kiini, na jeni kama ya involukrini, protini ya seli inayokomaa, zinawashwa.

Lakini hapa maelezo uliyosoma yamekurukisha kitu muhimu, PKC sio kimeng'enya kimoja. Yasutomi Nishizuka na kundi lake kule Kobe, Japani, waliielezea mwaka 1977, na baadae ikaonekana ni familia nzima. Kwenye keratinosaiti zipo alfa, delta, epsiloni, eta na zeta. Alfa inahitaji kalsiamu na DAG. Delta, epsiloni na eta zinahitaji DAG tu. Zeta haihitaji hata kimoja. Eta inapatikana zaidi matabaka ya juu ambako seli ziko mwishoni mwa safari. Zinafanana jina lakini moja inaweza kusukuma seli ikomae, nyingine kwenye mazingira mengine ikasaidia uvimbe au ukuaji. Kwa hiyo swali la "PKC inafanya nini" jibu lake la kweli ni: ipi, kwenye tabaka gani, kwa muda gani?

Na PKC haipo peke yake. Kule chini kuna kipokezi, yaani protini inayopokea ujumbe kwenye seli, kinaitwa EGFR, chenyewe pia ni kinase, kinasema gawanyika. Tunajua kina nguvu kiasi gani kwa sababu wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kukizima wengi wao wanapata vipele na ngozi kukauka. Kule juu kuna transglutaminase 1, hii sio kinase, ni kama fundi wa gundi, kalsiamu ikipanda inaunganisha involukrini na lorikrini kuwa ganda gumu chini ya utando wa seli. Mtu akizaliwa na jeni mbovu ya hiki kimeng'enya kimoja tu anapata iktiosisi ya lamela, mwili mzima unafunikwa na magamba mapana, jambo hili lilithibitishwa mwaka 1995. Halafu kuna kimeng'enya kaspase 14 kinachosaidia kuivunja filagrini ipate vitu vinavyoshika maji kwenye ngozi, na juu kabisa kuna vimeng'enya vya kalikreini vinavyokata vifungo ili seli iliyokufa idondoke kimya kimya. Kila kimoja kina ghorofa yake.

Turudi sasa kwenye viwiko vyako. Soriasisi inaanzia kwenye kinga ya mwili. Seli za kinga zinamwaga kemikali za uvimbe, IL-23 na IL-17 zikiwa mbele, na keratinosaiti zikizipokea zinawasha kinase za kugawanyika na nyingine za uvimbe. Safari ya mwezi mzima inageuka safari ya siku chache tu, seli zinafika juu bado zina viini ndani, tabaka la chembechembe linakonda au linapotea, na kwa sababu hazijamaliza kujiandaa hazidondoki moja moja, zinatoka zimeshikana kwa makundi, ndo hayo magamba meupe. Na kuna kitu ambacho ningependa kila mgonjwa wa soriasisi akijue, transglutaminase 1 na involukrini, vitu vya ghorofa za juu, kwenye soriasisi vinaonekana mapema, chini kuliko kawaida, wakati filagrini na lorikrini zinapungua. Kwa hiyo sehemu ya kukomaa inakimbia mbele na sehemu nyingine imeachwa nyuma. Hakuna aliyelala hapo, ni mpangilio uliovurugika. Neno "haraka" kwenye tangazo la huyo muuzaji ndo lilinikera hasa, maana ngozi yako inajitengeneza upya haraka mno tayari na ndio inayokusumbua.

Tena kuamsha PKC ovyo sio mchezo. Mafuta ya mbegu za Croton tiglium yana kemikali, esta za forboli, zinazojifanya DAG na kuiwasha PKC bila kuizima kama kawaida. Kwa miongo mingi watafiti wamekuwa wakizipaka panya ambao ngozi yao ilishapewa dozi ndogo ya kemikali ya saratani, na vinundu vya uvimbe vinaota. Halafu ukiiwasha kwa muda mrefu seli yenyewe inachoka na kuanza kuiharibu hiyo PKC, unaishia na pungufu kuliko ulivyoanza. Kuna dawa halali kabisa iliyoiwasha PKC, ingenoli mebuteti, ilikuwa ya madoa yatokanayo na jua yanayoweza kugeuka saratani, inapakwa siku mbili au tatu tu, na bado mwaka 2020 ilifutwa Ulaya kwa wasiwasi wa saratani ya ngozi. Hiyo ni dawa iliyopita majaribio yote. Seramu isiyoandikwa kilichomo siwezi kukushauri uiguse.

Sasa vitamini D. Kumbe mafuta uliyoyaacha ndo yalikuwa yanalenga jambo hasa uliloliuliza! Keratinosaiti sio tu zinatengeneza vitamini D zikipigwa na jua, zina pia kimeng'enya cha kuigeuza kuwa homoni kamili na zina kipokezi chake ndani ya kiini. Homoni hiyo ikikaa kwenye kipokezi inawasha na kuzima jeni, seli inapunguza kugawanyika na inaelekezwa kukomaa kwa mpangilio, na kalsiamu ya ndani inahusika humo pia. Kalsipotrioli, ambayo huenda ndo uliyopewa, ni ndugu wa homoni hiyo aliyetengenezwa apunguze hatari ya kupandisha kalsiamu ya damu. Inatuliza pia seli za kinga. Steroidi iliyochanganywa nayo inazima uvimbe na kupunguza muwasho wa kalsipotrioli yenyewe, ndio maana mchanganyiko unafanya vizuri kuliko kila moja peke yake.

Siku kumi hazitoshi kuihukumu. Seli zilizokuwa zimeshavurugika lazima zitoke kwanza, kwa kawaida tunaangalia baada ya wiki nne hivi. Paka kama ulivyoandikiwa, nawa mikono ukimaliza, usiipeleke usoni bila kuambiwa, na usizidishe gramu 100 kwa wiki kwa sababu ikizidi kalsiamu ya damu inaweza kupanda. Usichanganye na mafuta yenye asidi salisiliki muda ule ule, yanaiharibu kalsipotrioli. Na tafadhali acha kukwangua. Vile vitone vya damu ni kwa sababu mishipa midogo imepanda juu sana na ngozi iliyoifunika pale ni nyembamba, na kila jeraha kwa keratinosaiti ni amri ya kugawanyika, kwa wengine sehemu iliyokwanguliwa inaota doa jipya kabisa. Lainisha magamba kwa mafuta mazito ya kawaida baada ya kuoga, yaache yaachie yenyewe.

Kama mafuta hayatoshi kuna njia nyingine na sitakuficha kwamba hakuna inayoifuta soriasisi moja kwa moja, zinaituliza, wengine kwa miaka. Kuna tiba ya mwanga wa UVB wa wigo mwembamba, nanomita 311, nzuri lakini inataka uhudhurie mara mbili tatu kwa wiki. Kuna metotreksati, ya siku nyingi, inahitaji kupimwa damu na ini, na haifai kabisa kwa mwenye mimba au anayepanga mimba. Kuna sindano zinazozuia IL-17 au IL-23, kwa wengi zinasafisha ngozi karibu yote, ila ni ghali na lazima upimwe kifua kikuu kwanza. Na uangalie hizi mbili za kumeza: apremilasti inazuia kimeng'enya cha ishara kinachoitwa PDE4, na deukravasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, inazuia kinase ya TYK2. Yaani dawa za soriasisi zinazogusa vimeng'enya vya ishara zinavizuia, haziviamshi, na kila moja imechagua kimoja kwa makusudi.

Kwa madoa ya viwiko na magoti peke yake mimi ningeanza na hayo hayo mafuta, ukayatumia ipasavyo, kabla ya kufikiria kingine. Ila kwa vile umekaa muda bila tiba rudi kwa daktari akuangalie upya, hasa kama kuna doa moja linalokataa kupona wakati mengine yanapona, hilo linatakiwa kukatwa kipande kidogo na kupimwa kwa sababu sio kila gamba ni soriasisi, kuna fangasi, kuna pumu ya ngozi, na mara chache kuna saratani ya mapema inayofanana nayo sana. Kama ngozi yako ni nyeusi mkumbushe pia kwamba wekundu unaweza kuonekana zambarau au kijivu, watu wengi wanacheleweshewa jibu kwa hilo.

Usisubiri miadi kama vidole vinavimba, kisigino kinauma, au asubuhi viungo vimekakamaa zaidi ya nusu saa, maana soriasisi kwa baadhi ya watu inaingia kwenye viungo na vikishaharibika havirudi. Angalia na kucha zako, vishimo vidogo vidogo au kucha kuachia nyama ni dalili ya kumwambia daktari. Na ngozi ikiwaka karibu mwili mzima, au ukatokwa na vipele vya usaha vingi ghafla ukiwa na homa au kutetemeka, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama hiyo seramu umeshaipaka, acha leo, na ukienda kwa daktari beba chupa yenyewe. Kuna krimu nyingi zinazouzwa hivi zenye steroidi kali ambayo haikuandikwa, na steroidi kali ikikatishwa ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mwambie umeipaka siku ngapi na sehemu gani ili ajue namna ya kukushusha taratibu.